Kwa nini treni haisimami ikikuona: tuelewe vivuko vya reli

Tulipogusia ajali za kwenye reli katika kipindi cha asubuhi, meseji zilimiminika kutoka Bahi, Kintinku, Saranda hadi Itigi. Swali lililojirudia ni hili: dereva wa treni anamwona mtu wa bodaboda mbele yake, anapiga honi, lakini hasimami. Mmoja wenu aliuliza kama hao madereva wana roho za chuma.

Chuma kipo, lakini kipo kwenye magurudumu. Gurudumu la treni ni chuma na linatembea juu ya chuma, kwa hiyo msuguano ni mdogo. Ndiyo maana kichwa kimoja kinavuta msururu wa mabehewa yaliyojaa mzigo. Ila utelezi huohuo ndio unaofanya breki zichelewe kushika. Breki zenyewe ni za upepo, zinashika behewa baada ya behewa kuanzia mbele kwenda nyuma. Treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi mpaka isimame. Na dereva hana usukani wa kukukwepea.

Tupige hesabu kidogo. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Ukiiona iko mita 500, yaani viwanja vitano vya mpira hivi, unazo sekunde 30 tu. Halafu macho yanadanganya: kitu kikubwa kinachokujia usoni huonekana kama kinajikokota. Wengi wanaosema niliona bado iko mbali walidanganywa hapo.

Wasikilizaji wa Manyoni hawahitaji kusimuliwa. Novemba 2023 basi la abiria na treni ya mizigo viligongana wilayani humo, watu 13 wakapoteza maisha.

Sasa, ishara. Pale mjini penye geti na mlinzi, stesheni humjulisha mlinzi kwamba treni inakuja, naye anafunga njia. Bendera yake nyekundu, au taa nyekundu usiku, ni amri hata kama huoni treni yoyote. Vipo pia vivuko vinavyojiendesha vyenyewe. Umeme mdogo hupitishwa ndani ya reli. Magurudumu ya treni yakifika kwenye kipande hicho yanaunganisha reli mbili na kuukatiza umeme usifike kwenye chombo cha upande wa pili. Chombo kikiukosa, kinawasha taa na kushusha geti. Mtambo umetengenezwa hivyo makusudi: waya ukikatika, unahesabu kuwa treni ipo. Kwa hiyo taa nyekundu inayowaka muda mrefu bila treni huenda ni mbovu, lakini wewe huwezi kujua kutoka barabarani.

Huku kwetu vijijini, tuseme ukweli, vivuko vingi vina kibao tu, na pengine kibao chenyewe kimefunikwa na vichaka. Hapo mlinzi ni wewe. Simama mita kadhaa kabla ya reli, zima muziki, vua spika za masikioni, vua hata kofia ya koti kama ni msimu wa baridi. Angalia pande zote mbili. Treni ikipita usikimbilie nyuma yake. Penye njia mbili, ya pili inaweza kuwa imejificha upande wa pili. Usisimame karibu na reli pia, maana behewa ni pana kuliko njia yake na hujitokeza karibu mita moja kila upande. Baiskeli na pikipiki zikate reli moja kwa moja, si kimshazari, tairi lisinase. Wafugaji, gawanyeni kundi mafungu madogo, na mtu mmoja atangulie kuangalia njia.

Reli ya SGR ni habari nyingine. Tangu 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde. Imezungushiwa uzio na haina kivuko cha kukatisha juu ya reli. Watu na mifugo hupita madarajani au chini. Tunajua karavati wakati mwingine liko mbali na malisho, na hilo viongozi wa vijiji wanapaswa kulipeleka mbele. Lakini tundu kwenye uzio si jibu.

Na trekta likizimika katikati ya reli? Shusheni watu wote kwanza, mzigo acheni. Kama treni inaonekana, kimbieni pembeni mbali na reli, mkielekea upande inakotoka, kwa sababu vipande vya chombo hurushwa mbele inakoenda. Kama haijaonekana, mtu akimbie kando ya reli akipunga kitambaa chekundu; kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu, dereva wa treni atakielewa. Mwingine apige simu stesheni ya karibu. Namba hiyo ichukueni mapema kwa mkuu wa stesheni, mwenyekiti wa kitongoji aiandike ukutani ofisini, na kila dereva wa trekta awe nayo kwenye simu.