Motokaa Iliyokataliwa na Mkaguzi

Watu wengi hudhani ya kuwa motokaa mbovu ni ile isiyokwenda. Wakisikia injini yanguruma na kuona magurudumu yazunguka, basi kwao motokaa hiyo ni nzima. Kwa hiyo mkaguzi wa polisi akiikataa, mwenye mali huona kwamba ameonewa. Husema, "Mbona jana nimekwenda nayo Musoma nikarudi Mugango salama?" Neno lake ni la kweli, lakini halijibu swali la mkaguzi. Mkaguzi anataka kujua kama motokaa hiyo itaweza kusimama, kugeuka na kuonekana siku ya hatari. Jana hatari haikutokea, ndiyo maana ubovu haukuonekana.

Hapa petu pwani ya ziwa jambo hili lisingehitaji maneno mengi. Mvuvi hasukumi majini mtumbwi unaovuja kwa sababu tu jana ulimrudisha nyumbani. Kwanza huukalafati. Yafaa basi tujue kwa nini motokaa nayo yastahili kutunzwa hivyo hivyo.

SHERIA YASEMAJE

Katika Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hiyo yataka motokaa na sehemu zake zote, pamoja na taa na matairi, zitunzwe hata zisiwe hatari kwa waliomo ndani wala kwa watu wengine watumiao barabara. Kazi ya ukaguzi ni ya Jeshi la Polisi. Magari ya abiria yana sharti jingine: mwenye gari akitaka leseni ya kuchukua abiria kutoka LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika mahali pa SUMATRA, hana budi gari lake liwe limekwisha kukaguliwa.

Wala tusidhani kwamba taabu hii ni ya nchi zenye barabara za vumbi tu. Uingereza ilianza kuzikagua motokaa kwa lazima mwaka 1960. Kwanza zilitakiwa zile zenye umri wa miaka 10 na zaidi, nazo zilitazamwa breki, taa na usukani. Zilizoshindwa zilikuwa nyingi mno, hata mwaka 1961 umri ukashushwa kuwa miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3. Motokaa hizo zilikuwa zikienda kila siku katika barabara za lami, na wenyewe waliziona nzima.

BREKI

Tuanze na breki, maana ndizo za kwanza kutazamwa. Sote twafahamu ya kuwa maji ya ziwa husukumwa kwa mashine kutoka Mugango, yakapita katika mabomba mpaka Kiabakari na Butiama. Bomba likipasuka njiani, mashine yaweza kunguruma mchana kutwa na watu wa mbele wasipate hata ndoo moja. Breki za motokaa hufanya kazi namna hiyo. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika vibomba vyembamba mpaka kwenye magurudumu, na huko hubana pedi au viatu vya breki. Kibomba kikivuja, nguvu ya mguu hupotea njiani. Hewa ikiingia ndani ya mafuta ni vibaya pia, kwa sababu hewa hubonyea. Dereva hukanyaga, pedali ikazama kama mguu katika tope, na gurudumu lisishikwe sawasawa.

Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi wa fizikia waifuate kwa kalamu. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto anavuka, tuseme yapita sekunde moja kabla mguu wake haujabana breki. Hizo ni mita 14. Katika lami kavu, breki nzima zitaisimamisha motokaa kwa mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 28. Mtoto akiwa mbali mita 30, amepona.

Sasa chukua motokaa nyingine, mwendo ule ule na dereva yule yule, ila breki zake zina nusu ya nguvu. Mita 14 za kwanza ni zile zile. Lakini kusimama kwataka mita 28, na jumla yake ni mita 42. Ikifika pale alipo mtoto, motokaa hiyo bado yaenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Dereva hakuvunja sheria ya mwendo, wala hakulala usingizi. Mtoto amegongwa kwa sababu ya kasoro ambayo jana, na juzi, na wiki nzima iliyopita, haikumzuia mtu yeyote kufika Musoma.

Tena motokaa iliyopakiwa abiria kupita kiasi na magunia ya dagaa juu ya paa ni nzito zaidi, na breki dhaifu hulemewa zaidi.

MATAIRI, USUKANI NA TAA

Tairi la motokaa ndogo hugusa ardhi kwa sehemu iliyo kama kiganja cha mtu. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyoishika motokaa na wote waliomo. Mifereji iliyochongwa katika tairi ni njia ya maji wakati wa mvua. Tairi likiwa kipara maji hukosa pa kutokea, tairi huelea juu yake, na usukani haufanyi kazi. Uingereza, kwa mfano, haikubali mfereji wenye kina chini ya milimita 1.6. Tairi lenye upepo kidogo nalo ni hatari, maana hukunjika kila lizungukapo, likapata moto mpaka likapasuka.

Umri wa tairi pia waweza kusomwa. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2316 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira hukauka na kupasukapasuka kwa miaka, hata kama tairi lilikuwa limewekwa stoo.

Katika usukani mkaguzi hutafuta ulegevu wa bolijointi na tairodi. Zikilegea dereva hugeuza usukani na magurudumu yasitii mara moja. Zikikatika, hayatii kabisa. Shokapu zilizokufa hufanya gurudumu liruke juu ya matuta ya barabara, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki.

Taa wengi hawazihesabu, kwa kuwa wao huona njia hata kwa taa moja. Lakini taa ni za kuonekana pia. Motokaa chongo hudhaniwa kuwa pikipiki, na anayekuja mbele humwachia nafasi ya pikipiki. Isiyo na taa za nyuma haionekani kabisa na lori linalofuata, hasa penye vumbi.

HILA ZA KUPATA KARATASI

Wako watu wanaoazima matairi mazuri ya jirani, wakayafunga asubuhi ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Wako pia watoao hongo ili motokaa ipite bila ya kutazamwa. Watu hao hudhani wamemshinda mkaguzi, kumbe wamewadanganya abiria wao na watoto wao wenyewe. Karatasi haisimamishi motokaa. Kinachosimamisha ni breki, nazo hazijui kusoma muhuri.

IKISHA KUKATALIWA

Mwenye motokaa afanye nini? Kwanza aombe aelezwe kasoro zake moja moja, nazo ziandikwe. Pili, asiiendeshe katika kazi mpaka itengenezwe na kukaguliwa tena. Ikiwa kasoro ni ya breki, usukani au matairi, ni heri fundi aitwe hapo ilipo, au ivutwe, kuliko kuiendesha "polepole" mpaka gereji. Huko Uingereza, motokaa iliyoshindwa huweza kuruhusiwa kwenda kutengenezwa, lakini ikiwa ni ya hatari dereva hushitakiwa hata kama anaelekea kwa fundi.

Tatu, akumbuke hali ya hukumu. Dereva ambaye hajui kasoro ya motokaa yake anaweza kusema hakujua. Aliyekwisha kuambiwa na mkaguzi hana neno hilo tena. Ajali ikitokea, karatasi ya kukataliwa itasimama kuwa shahidi juu yake. Na mikataba mingi ya bima huweka sharti kwamba motokaa iwe katika hali nzuri. Asiyelitimiza huenda akakosa kulipwa hasara yake.

Twajua kwamba matengenezo yana gharama. Gari moja la abiria huenda likawa ndilo shamba la jamaa nzima, lilipalo karo na chakula, na siku likilala hakuna kinachoingia. Hatusemi kuwa ni jambo jepesi. Lakini pedi za breki zina bei, na bei hiyo yaweza kuwekewa akiba kidogo kidogo, kama vile mtu awekavyo akiba ya petroli. Mtoto wa mtu hana bei.

SISI ABIRIA

Mkoa wetu umeonja msiba wa barabarani. Tarehe 5 Septemba 2014 tunaikumbuka: mabasi mawili yaligongana karibu na Musoma na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali nyingi hutokana na mwendo na haraka ya madereva, na hilo tusilifiche. Hata hivyo dereva akikosea, ni uzima wa motokaa unaompa nafasi ya kujiokoa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla hujapanda gari au bodaboda tazama mambo matatu: matairi, taa na idadi ya waliopakiwa. Hayo hayahitaji ufundi. Ukiona ubovu, sema kwa adabu: "Shikamoo, baba, tairi hili limekwisha, nitangoja gari jingine." Si utovu wa heshima kuchelewa. Nanyi wazazi, mnapokodi gari la kuwachukua watoto wa shule, ulizeni lilikaguliwa lini, na kasoro zilizoonekana zilitengenezwa na nani. Dereva mwangalifu hataudhika. Atafurahi kujibu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkaguzi ametuonyesha ufa ukiwa bado mdogo. Tuuzibe.