Je, Wajua? Kichwa cha Samaki, Kichwa cha Mzee

Je, wajua kwamba ubongo ukikaushwa maji yake yote, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta? Si ya kukaangia mandazi. Ni mafuta yanayojenga kuta za chembe hai, na aina mojawapo, iitwayo DHA, ni asidi ya mafuta ya jamii ya omega-3. Mwili hujitengenezea kidogo sana. Inayobaki huja na chakula, hasa samaki.

Je, wajua kwamba watu wa kale waliokaa Rasi ya Homa, nchini Kenya, walikuwa wakivunja mafuvu ili wale ubongo? Pale Kanjera, si mbali na Mlima Homa, wachimbuaji walifukua maelfu ya mifupa ya wanyama pamoja na zana za mawe, vyote vya umri wa miaka kama milioni 2. Swala wadogo walikuwa wameletwa wazimawazima. Kwa wanyama wakubwa zaidi, wa kimo cha nyumbu, vichwa vilikuwa vingi kupita kiasi, kana kwamba kuna mtu aliyevikusanya makusudi. Ripoti ya mwaka 2013 ilieleza kwamba huenda viliokotwa baada ya wanyama wakali kushiba. Simba humaliza nyama, lakini fuvu humshinda. Mwenye jiwe mkononi halimshindi, na ndani atakuta mafuta ambayo mguu wa nyumbu hauna.

Kama ni hivyo, basi supu ya kichwa ni chakula cha zamani kuliko ugali.

Michael Crawford, mwanabiokemia Mwingereza, alifanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, na suala la mafuta na ubongo halikumtoka tena. Mwaka 1998, yeye na wenzake Leigh Broadhurst na Stephen Cunnane waliandika kwamba samaki wa maziwa ya Bonde la Ufa ndio waliolisha ubongo wa binadamu mpaka ukakua. Wapo wataalamu waliolikataa wazo hilo, wakisema vyakula vya nchi kavu vingetosha. Ubishi bado upo, ingawa ukienda kuuzungumza kwenye mwalo wa Mbita utapata wafuasi wa upande mmoja tu.

Na uzeeni je? Huko Chicago watafiti waliwafuatilia watu 815 wenye umri wa miaka 65 hadi 94. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliokula samaki angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni, pungufu kwa asilimia 60 kuliko wasiokula, au waliokula kwa nadra. Lakini tusikimbilie duka la dawa. Mwaka 2010 yalitangazwa majaribio mengine ya Marekani, ambapo wagonjwa 402 wa Alzheimer walipewa vidonge vya DHA au vidonge bandia kwa miezi 18. DHA haikupunguza kasi ya kusahau. Huenda walikuwa wamechelewa. Huenda pia anayekula samaki ana mengine mema kwenye sahani yake, na kidonge hakiyabebi.

Je, wajua kwamba ulinganisho wa namna hiyo ulishafanyika Tanzania? Katika utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku walilinganishwa na wenzao wa milimani, watu wa asili moja waliokula mboga na nafaka. Wa ziwani walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi. Hilo ni jambo la ubongo pia, kwa sababu presha huharibu mishipa midogo ya kichwani, na wazee wengi tunaosema wamerudi utotoni tatizo lao lilianzia hapo.

Sasa mgongo wazi. Viwanda vinapochukua minofu ya mbuta kwenda Ulaya, kichwa na mifupa, ndiyo mgongo wazi wenyewe, hubaki kwetu, vikakaangwa na kuuzwa kando ya barabara. Wengi hukiita chakula cha wasionacho. Lakini jicho la samaki, sawa na ubongo wake, limejaa DHA, kwa hiyo aliyeachiwa kichwa hakupunjwa kama anavyodhani. Kinachoniudhi mimi ni karai: mafuta yaleyale yanachemshwa tangu asubuhi mpaka jioni, yamekuwa meusi kama kahawa. Samaki huyo angechemshwa na nyanya angefaa zaidi.

Omena nayo ina siri yake. Omega-3 huharibika upesi ikikutana na hewa na jua. Ndiyo maana omena iliyoanikwa vibaya, au iliyokawia guniani, hupoteza ule mng'ao wa fedha, ikawa ya manjano na chungu ulimini. Uchungu huo hautoki kwenye nyongo peke yake, kama tulivyoambiwa utotoni. Hutokana pia na mafuta yaliyochacha.