Pima vitabu vyako kabla ya kununua kabati

WAHENGA walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukweli wa methali hii ulimdhihirikia mwandishi wa makala haya miaka kadhaa iliyopita, alipovitoa vitabu vyake katika maboksi na kuvipanga ndani ya kabati jipya alilolinunua kando ya barabara jijini Nairobi. Lilikuwa limepakwa vanishi likang'aa, na rafu zake ndefu ziliipendezesha sebule.

Kabla ya mwaka kwisha, rafu ya kati ilikuwa imebonyea mfano wa machela. Mvua za masika zilipokatika, ilibainika kuwa ubao wa nyuma, uliokuwa umegandamana na ukuta, umeota ukungu. Isitoshe, mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni hadi rafu ya chini. Miongoni mwa vitabu walivyovila ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lile toleo la mwaka wa 1981, iliyokuwa ya marehemu baba mzazi wa mwandishi. Alikuwa mwalimu, na pambizo za kurasa zake alizijaza maelezo kwa penseli.

Matoleo mapya ya kamusi hiyo yalichapishwa miaka ya 2004 na 2013, na yeyote anaweza kuyatafuta madukani. Lakini yale maandishi ya penseli hayauzwi popote.

Hasara ya aina hii huepukika. Kosa la wengi wetu ni kuanza na kabati, kisha kutafuta namna ya kuvishindilia vitabu ndani yake. Utaratibu ufaao ni kinyume cha huo: vitabu vyenyewe, pamoja na chumba vitakamokaa, ndivyo vinavyopaswa kuamua kabati litakuwa la namna gani.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupima. Visimamishe vitabu vyako sakafuni kwa safu kama vitakavyokaa kwenye rafu, kisha upime urefu wa safu hizo kwa utepe. Mathalani, vitabu 300 vyenye unene wa wastani wa sentimita 2 hujaza mita 6. Ongeza robo, maadamu mpenzi wa vitabu hakomi kununua, nawe utapata mita 7.5. Hizo ni rafu 10 zenye urefu wa sentimita 75 kila moja, yaani makabati mawili ya rafu tano tano.

Baada ya hapo, pima kimo. Riwaya na tamthilia nyingi zina kimo cha sentimita 20 hivi, ilhali kitabu cha ukubwa wa A4 hufikia karibu sentimita 30. Kwa hivyo, nafasi ya sentimita 25 baina ya rafu na rafu yatosha kwa vitabu vingi, na rafu moja au mbili za chini ziachiwe sentimita 33 kwa ajili ya atlasi, kamusi na majalada makubwa.

Kuhusu kina cha rafu, sentimita 25 hadi 30 zatosha. Kabati lenye kina cha sentimita 40 lafaa kwa vyombo, wala si kwa vitabu. Mwenyewe hushawishika kupanga safu mbili, moja mbele ya nyingine. Ile ya nyuma husahaulika gizani, na huko ndiko wadudu wanakoanzia kazi yao.

Sasa tugeukie uzito, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza. Karatasi ni nzito. Ukitaka kujua rafu yako itabeba mzigo gani, weka kwenye mizani vitabu vinavyojaza sentimita 25, kisha uzidishe uzani huo mara nne. Utapata uzito wa kila mita moja. Si ajabu kupata kilo 30, na majalada mazito huweza kuzidi hapo.

Kanuni za ufundi zinaonyesha kuwa urefu wa rafu ni hatari kuliko inavyodhaniwa. Rafu iliyoshikwa ncha zote mbili na kujazwa vitabu, ikirefushwa maradufu, haibonyei mara mbili bali mara 16. Kwa upande mwingine, unene wa ubao ukiongezwa maradufu, kubonyea hupungua hadi sehemu moja kwa nane. Kwa hivyo, anayetaka rafu ya mita moja na nusu, iliyo nyembamba na isiyo na nguzo katikati, ataishi kutazama machela.

Mbao za viwandani zinazotengenezwa kwa chembechembe za miti zilizogandishwa kwa gundi ndizo dhaifu zaidi. Zikiwa na unene wa milimita 18, rafu zake zisizidi sentimita 60. Mbao hizi huendelea kubonyea polepole hata pasipo mzigo kuongezwa, na zikinyweshwa maji huvimba na kumeguka. Plaiwudi ina nguvu zaidi.

Ubao halisi wa inchi moja huweza kufikia sentimita 75 au 80 bila wasiwasi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ubao wa inchi moja ukishapigwa randa hubaki na milimita 20 hivi. Pima unene baada ya randa, si kabla.

Ikiwa tayari unalo kabati lenye rafu ndefu, usilitupe. Mwambie fundi apigilie ukanda wa mbao wa sentimita 4, uliosimama wima, chini ya ukingo wa mbele wa kila rafu, au aweke nguzo katikati. Gharama yake ni ndogo na manufaa yake ni makubwa.

Ama kuhusu aina ya mbao, saipresi na msonobari ndizo zinazopatikana kwa urahisi nchini, kwa kuwa hupandwa kwa wingi katika mashamba ya miti. Zinafaa, almradi zimekauka barabara na kupakwa dawa ya kuzuia mchwa. Mbao mbichi hujipinda zikiwa tayari ndani ya nyumba, na viungo vikaachana.

Mwerezi wa nyanda za juu husifika kwa kuwashinda mchwa, ndiyo maana wakulima wameutumia kwa nguzo za ua tangu jadi. Mvule nao ni wa kudumu, ila bei yake si ya kila mfuko. Ubao wowote ule, uukague kwa makini: vitundu vidogo vinavyotoa unga ni ishara kwamba bungua wamo ndani.

Adui mwingine ni unyevu. Hewa yenye unyevu uliozidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu huotesha ukungu kwenye karatasi na majalada. Wakazi wa Mombasa, Lamu na Kilifi huishi na hali hiyo karibu mwaka mzima, nao wa bara huipata wakati wa mvua na baridi.

Kwa sababu hiyo, usiligandamize kabati kwenye ukuta, hasa ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Acha nafasi ya sentimita 5 nyuma yake hewa ipite. Anayetamani kujengewa rafu ukutani, mfano wa zidaka za nyumba kongwe za Lamu, achague ukuta wa ndani. Aidha, epuka mahali panapopigwa na jua moja kwa moja, kwani mwanga huzichujua rangi za majalada na kuifanya karatasi iwe manjano na kukatika.

Je, kabati liwe na milango ya vioo? Jibu linategemea mahali unapoishi. Kwenye vumbi jingi vioo vina faida. Pwani, kabati lililofungwa bila matundu ya hewa huhifadhi unyevu pamoja na vitabu. Ukipenda vioo, mwagize fundi atoboe matundu nyuma, juu na chini, nawe uifungue milango mara kwa mara. Vitabu navyo visibanwe mno. Kitabu kinapaswa kutoka kwa kuvutwa kidogo tu.

Mchwa hutoka ardhini na kupenya katika nyufa za sakafu na kuta. Kabati lenye miguu ya sentimita 10 au zaidi hukuwezesha kufagia chini yake na kuziona mapema njia zao za udongo. Kabati lililokalia sakafu huficha kila kitu hadi siku ya majuto.

Fauka ya hayo, usisahau usalama wa watoto. Mtoto huona rafu kuwa ngazi, na kabati refu lililojaa vitabu likimwangukia laweza kumuua. Vitabu vizito vikae chini, na sehemu ya juu ya kabati ifungwe ukutani kwa vyuma na skurubu. Hili halipingani na ile nafasi ya hewa. Kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 5 kikiwekwa baina ya kabati na ukuta, yote mawili hutimia.

Asiye na uwezo wa kumlipa seremala asivunjike moyo. Mbao fupi zilizokauka vyema, zikilazwa juu ya matofali katika rafu mbili au tatu tu, huvihifadhi vitabu kuliko kabati la fahari lenye rafu ndefu na dhaifu.

Hatimaye, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabati likishasimama, andika orodha ya vitabu vyako pamoja na majina ya walioviazima, na kila msimu wa mvua ukiisha, vitoe, uvipanguse na uichunguze migongo ya rafu. Saa chache za kazi hiyo zingaliiokoa kamusi moja yenye maandishi ya penseli.