NYUZI ZA KIOO NA GUNDI ZINAVYOUNDA BAWA LA NDEGE

Mwalimu wa darasa na agawe karatasi za somo hili, ili kila mmoja afuate kwa macho maneno ninayoyasema.

Mwanafunzi mmoja ameuliza swali jema. Amesikia kwamba ile Boeing 787 ya Shirika letu la Ndege, iliyopokelewa Dar es Salaam mwezi wa Julai 2018, si ya bati bali ni ya nguo na gundi. Je, ni kweli, au ametaniwa? Hakutaniwa. Karibu nusu ya uzito wa ndege ile ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi, zikaokwa katika tanuri kubwa.

Lakini leo tuiache Boeing. Nitasema juu ya eropleni ndogo ya watu wawili, ambayo mtu huiunda nyumbani kwake. Kazi yake ni ya mikono, nanyi mtaielewa upesi. Tena baadhi yenu mwaishika gundi ya namna hii kila siku, mkiziba matangi ya maji na kutengeneza mabampa ya malori, na iko hatari ndani yake ambayo wengi hamjaambiwa.

Itazame kwanza nyumba ya fito na udongo. Fito peke yake hupinda. Udongo peke yake hupasuka. Vikishikana, nyumba husimama. Basi katika kazi hii nyuzi za kioo ndizo fito, na gundi iitwayo epoksi ndiyo udongo. Kioo kikivutwa kuwa uzi mwembamba kuliko unywele hakivunjiki ovyo kama cha dirisha; hufumwa kitambaa cheupe, laini, chenye nguvu ya ajabu kikivutwa.

Mwaka 1957 wanafunzi wa chuo cha Stuttgart, Ujerumani, walirusha ndege isiyo na injini iliyofanyizwa kwa nyuzi za kioo. Lakini ilihitaji kalibu, na kalibu ni ghali. Mwaka 1975 Mmarekani Burt Rutan aliirusha VariEze katika jangwa la Mojave, California, naye alionyesha njia isiyotaka kalibu. Watu wengi waliinunua michoro yake, wakaunda ndege nyumbani kwao.

Njia yake ni hii. Huchukuliwa povu gumu, ndugu wa lile jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Kila upande hubandikwa ubao uliochongwa umbo la bawa. Waya mwembamba hutiwa umeme mpaka upate moto, watu wawili huushika huku na huku, nao hulikata povu kama uzi ukatavyo sabuni, ukifuata ukingo wa ubao. (Liko povu jingine, la poliyurethani. Hilo usilikate kwa waya wa moto kamwe, maana moshi wake ni sumu.) Kisha povu huvikwa kitambaa na kupakwa gundi. Gundi ikiganda, povu hubaki ndani, na ngozi ile ya kioo ndiyo ibebayo mzigo.

Kitambaa hakitandikwi ovyo. Bawa likiwa angani hutaka kupinda, na pia hutaka kusokotwa. Nyuzi zinazokwenda na urefu wa bawa huzuia kupinda. Nyuzi za mshazari huzuia kusokotwa. Fundi akikosea mwelekeo, bawa litapendeza macho lakini halitakuwa bawa.

Sasa tuje kwenye gundi, na hapa sikilizeni sana. Epoksi huja katika makopo mawili: gundi yenyewe, na dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Vitu hivi viwili hushikana kama watu wanaoshikana mikono katika ngoma. Hadina ikizidi, wengine hukosa wa kumshika, na gundi hubaki dhaifu au laini kama mpira. Fundi aliyezoea gundi ya poliesta hudhani akiongeza dawa kazi itakwenda mbio. Kwa poliesta, matone machache zaidi huharakisha kweli. Kwa epoksi huharibu. Hapana budi upime kwa mizani, ndogo na sahihi, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu kule Geita. Tena poliesta huliyeyusha povu lile jeupe, lakini epoksi haliliyeyushi.

Usichanganye nyingi kwa mara moja. Epoksi ikiganda hutoa joto lake yenyewe. Ikijaa ndani ya kikombe hutokota, hutoa moshi, hata huweza kuwaka. Ukiimwaga katika sinia pana hupoa. Kwa jua letu la mwezi wa Oktoba, mimi ningefanya kazi hii alfajiri, kwa sababu saa sita mchana gundi itaganda kabla hujamaliza kuipaka.

Wengi hupenda kumimina gundi tele. Ni kosa. Nguvu imo katika nyuzi. Gundi ya ziada ni uzito tu. Lakini ikipungua, kitambaa huonyesha madoa meupe, na pale pana hewa.

Na jambo hili litawafurahisha wakulima. Mahali vipande viwili vinapoungana, mafundi wa ndege huchanganya epoksi na pamba iliyosagwa mpaka iwe kama unga. Ni pamba kweli, kama inayolimwa Shinyanga.

Sasa ile hatari. Gundi ikikugusa usinawe kwa petroli wala kwa thina, kwani huipeleka ndani ya ngozi. Nawa kwa sabuni na maji, na afadhali uvae glovu tangu mwanzo. Mwili waweza kuivumilia miezi mingi, kisha siku moja ukaikataa: ngozi hutoka vipele, macho huvimba. Tangu siku hiyo hata tone dogo hurudisha ugonjwa, na fundi huenda akalazimika kuiacha kazi iliyomlisha. Unapopiga msasa, funika pua na mdomo, maana vumbi la kioo si la kuvuta.

Ndege za namna hii hupakwa rangi nyeupe. Epoksi isiyookwa huanza kulegea kwa joto, aina nyingine penye digrii 60 au 80 hivi, na bawa jeusi lililoachwa juani laweza kufika huko.

Kulipima bawa kuukuu, fundi huchukua sarafu akaligonga polepole, inchi kwa inchi, kama mama agongavyo chungu sokoni kabla ya kutoa fedha. Sauti kavu ni njema. Sauti nzito, iliyokufa, maana yake ngozi imeachana na povu. Na hata likilia vizuri kote, hapa Tanzania huruki bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Sasa shika kalamu. Kopo limeandikwa: gundi 100, hadina 40, kwa uzito. Umepima gundi gramu 250. Utatia hadina gramu ngapi? Andika jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno, umwonyeshe mwalimu wako.