DX Imewekwa 5K, Sasa Inapiga Risasi

Kila mtaa Nairobi iko na mse ana DX. Namaanisha Corolla KE70, ile boksi ya kitambo inasukumwa na tairi za nyuma. Injini yake ya 4K, cc 1,290, ikichoka, form inakuwanga kutafuta 5K ya LiteAce. Hiyo ni 1,486, giaboksi ile ile inaishika, na doo haiumi sana. Wikendi inaisha, mbogi imejaa base, ufunguo unapigwa, halafu ndai inatema moto kwa kabureta. Ama inawaka poa, lakini ikiona mlima kidogo inalala, na egzosti inapiga risasi hadi watoi wanashangilia.

Mimi siwezi shangilia. Hiyo mlio ni petroli yako inachomeka kwa paipu badala ya kusukuma pistoni. Na nare ikichelewa hivyo, manifoldi inaiva nyekundu na injini inachemka bure.

Grogan nimeona maboyz wengi wakikimbilia kulegeza distributa na kuizungusha wakiskiza tu. Buda, wacha kwanza. Hujajua pistoni iko wapi, sasa unaskiza nini?

Pistoni namba 1 inafikanga juu mara mbili kabla plagi yake ipige nare mara moja: mara imebana hewa, mara inafukuza moshi. Alama ya puli inakaa sawa zote mbili, na hapo ndio wasee wengi wanashikwa. Toa kava ya tapeti ucheki valvu za namba 4. Zikicheza pamoja, ya egzosti ikifunga na ya inteki ikianza kufunguka, jua namba 1 iko juu na imebana. Fungua kifuniko cha distributa: rota lazima iangalie waya ya namba 1. Ikiangalia ya namba 4, distributa iliingia kinyume, na hiyo ndio inatemesha kabureta. Ichomoe, geuza rota nusu mzunguko, rudisha. Kwa hizi K, mkia wa distributa ndio unazungusha pampu ya oili. Ikikataa kukaa hadi chini usiigonge, sogeza mkato wa pampu na bisibisi ndefu hadi zishikane. Waya zipange 1-3-4-2, ukifuata vile rota inazunguka.

Sasa hiyo alama yenyewe. Injini ikipita mikono mingi, puli inatoka kwa moja na kava ya mbele kwa ingine, na alama inakudanganya mchana kweupe. Dawa yake naipenda sana. Chukua plagi mzee, toa udongo wa ndani, funga bolti ndefu ya kuzuia pistoni, na uifunge kwa namba 1. Zungusha kranki na spana, polepole, hadi igote, weka chaki kwa puli. Irudishe upande ule mwingine hadi igote tena, weka chaki ya pili. Katikati ya hizo chaki mbili ndio juu kabisa. Piga alama yako mpya hapo, na ya zamani ifute.

Pointi zinarekebishwa kabla ya taimingi, juu nafasi yake ikipungua, nare inachelewa. Athi ya injini kwa bodi pia ifungwe, hiyo waya inasahaulikanga sana siku ya kubadilisha injini. Halafu chomoa paipu ya vakyumu ya distributa, iziba, shika taa ya taimingi kwa waya ya namba 1, na uweke digrii za kitabu cha hiyo injini, si za ile ilitoka. Kuwahisha nare, zungusha distributa kinyume na rota. Ukikanyaga mafuta alama lazima isonge. Ikikwama, vile vyuma vya ndani ya distributa vimeshika kutu.

Wa Toyota 100 mliotoa 5A-FE mkaweka 4A-FE, yenu ni digrii 10, lakini lazima uunganishe TE1 na E1 kwa ile soketi ya uchunguzi kwanza. Bila hiyo waya kompyuta inawahisha nare yenyewe, na ukilazimisha taa isome 10, umechelewesha injini yote. Gari itakunywa mafuta na haitavuta.

Na kama unashuka Mombasa, skiza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndai iliyowahishwa kupita kiasi inaweza jificha hapa miezi. Pwani hewa imejaa. Ukirudi na mzigo, ukipanda Mazeras kwa gia kubwa, itaanza kugonga kama kokoto kwa mkebe, na hapo pistoni ndio zinaumia. Usiongeze mafuta. Shusha gia, simama mahali salama, irudishe digrii mbili nyuma. Ukifika home, shika taa uanze kupima upya.