Kabla ya kufungua stoo Jumamosi hii

Msomaji, wengi wetu huingojea Jumamosi kwa hamu. Ndiyo siku ya kupigilia misumari mbao zilizolegea, kupaka lango rangi, kupalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba na kutoa nje vyombo vilivyorundikwa stoo tangu mwaka juzi. Kazi hizi zina manufaa: mwili hunyooka, mawazo hupungua na mboga hupatikana bila kwenda sokoni. Hata hivyo, zina hatari zake, na aghalabu huwapata wasiozitarajia.

Pepopunda haitokani na kutu

Watu wengi huamini kwamba kutu ndiyo iletayo pepopunda. Sivyo. Viini vya ugonjwa huu huishi katika udongo na samadi. Msumari huviingiza ndani ya nyama mahali pasipofika hewa, na hapo ndipo huzaana na kutoa sumu. Mwiba au kigae chaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21: taya hukaza, kumeza huwa shida, kisha misuli ya mwili mzima hukakamaa.

Je, ulidungwa sindano ya pepopunda lini mara ya mwisho? Mama aliyehudhuria kliniki akiwa mjamzito yamkini anakumbuka. Mtoto huipata katika chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Anayesahauliwa ni baba, naye mara nyingi ndiye mshika jembe na nyundo. Kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na mtu mzima hushauriwa kuiongeza kila baada ya miaka 10.

Ukijikata au kudungwa na msumari, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usitie masizi, mafuta ya taa wala samadi. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo na damu imekoma.

Chupa ya soda isiyo na soda

Stoo nyingi zina chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa. Akitapika, mafuta hayo huweza kuingia mapafuni na kuyaunguza, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Mkimbize hospitalini, nawe uibebe chupa hiyo ili daktari aione. Tangu leo, dawa ya shambani na ikae ndani ya mkebe wake wenye maandishi, mahali pa juu penye kufuli.

Kitanda kilicholea watoto wote

Kuna vitu ambavyo hatuvitupi kwa sababu ya mapenzi. Pengine ni kitanda cha mtoto kilicholea ukoo mzima, nawe wataka kukipaka rangi upya kwa ajili ya mjukuu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Usiikwaruze kwa msasa ikiwa kavu, kwani vumbi lake ndilo linaloingia mwilini. Kama huijui rangi hiyo ni ya lini, kitunze kitanda kama kumbukumbu, lakini mtoto asilale humo akatafuna ukingo wake.

Halafu kuna sanduku la marehemu. Ndani mna leso, picha, miwani, na mara nyingi vidonge vya presha au sukari alivyoviacha. Leso zifue uzianike juani, hasa ikiwa nyumbani mna mwenye pumu. Picha zihifadhi pakavu. Lakini vidonge si urithi. Asivimeze jirani wala ndugu kwa kuwa “ugonjwa ni ule ule.” Virudishe kwenye duka la dawa au hospitalini ili viharibiwe ipasavyo.

Tena, kazi ya sanduku hilo usiifanye peke yako, wala usiifanye kwa haraka kati ya kupalilia na kupaka rangi. Mwite ndugu yako au shangazi, mkae, mtaje kila kitu na habari yake. Machozi yakija, yaacheni yatoke. Kitu ambacho bado hamjawa tayari kuachana nacho, kirudisheni sandukuni, hakuna anayewahimiza.

Basi, Jumamosi hii, vaa viatu vilivyofunika vidole kabla ya kushika jembe. Nawe baba, ukiwa hukumbuki chanjo yako ya mwisho, pitia zahanati wiki ijayo ukaulize.