Usisubiri tairi lipasuke ndipo ununue jingine

NYANYA zilizochumwa Ilula, mkoani Iringa, hazina subira. Zikishapakiwa na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Dar es Salaam, kila saa inayopotea njiani ni hasara. Tairi likipasuka kwenye mteremko wa Kitonga, mwenye mzigo hulipa mara tatu: tairi la dharura, gari la kufaulishia mzigo, na matenga yaliyoharibika kwa jua. Hapo ni kama hakuna aliyeumia.

Hata hivyo, wenye pikapu na malori madogo wengi hubadili tairi siku linapoonyesha waya. Siku hiyo wamekwisha kuchelewa.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Kazi ya mifereji iliyo kati ya kashata ni kutoa maji chini ya gurudumu. Ikipungua, gari huelea juu ya maji, usukani huwa mwepesi na breki hazishiki. Katika nchi za Ulaya, kisheria kina hakitakiwi kupungua milimita 1.6, lakini wataalamu wengi hushauri tairi liondolewe linapofika milimita 3, kwa kuwa hapo uwezo wake kwenye lami yenye maji umekwisha kushuka sana.

Kupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Simamisha njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula ya mwanafunzi. Pima katikati na pande zote mbili, maana tairi haliishi sawasawa. Ndani ya mifereji pia kuna vituta vidogo, na mahali vilipo huonyeshwa na herufi TWI ubavuni. Kashata zikilingana na vituta hivyo, tairi limekwisha.

Namna tairi linavyolika husema mengi. Likilika pande zote mbili, limekuwa likitembea na upepo mdogo; likilika katikati, upepo umezidi. Likilika upande mmoja, magurudumu hayako sawa na gari lipelekwe kwenye alaimenti. Kufunga tairi jipya bila kurekebisha kasoro hiyo ni kutupa fedha.

Lakini kinachowaponza wanunuzi wengi ni umri. Mpira huzeeka hata tairi likiwa limetundikwa dukani. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na muuzaji hana hoja tena. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado ni nzuri. Matairi ya mtumba mara nyingi huvutia kwa kashata nene, wakati ubavu umejaa nyufa ndogo kama udongo mkavu.

Uvimbe ubavuni hauna mjadala: nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo lisipande Kitonga wala kushuka. Lipo pia suala la kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa kwa ajili hiyo na huandikwa REGROOVABLE. Tairi la gari dogo likichongwa, hupunguzwa mpira uliobaki juu ya waya, likabaki zuri kwa macho tu.

Kwa mwenye fedha ya matairi mawili, mazoea ni kuyafunga mbele. Kwa gari dogo, watengenezaji hushauri yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwa lori lenye matairi pacha nyuma, pacha wawe na kimo kimoja. Lililolika likiwekwa na jipya, jipya hubeba sehemu kubwa ya mzigo, hupata joto, na mara nyingi ndilo linalopasuka.